Mluzi unaopanda na injini: usinunue alteneta kabla hujafungua bolti ya athi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Probox, napiga ruti ya Igoma hadi Magu. Miezi miwili iliyopita nilifunga redio ya skrini kubwa, amplifaya ya chaneli nne chini ya siti ya abiria wa mbele, na sabufa moja nyuma. Tangu siku ile nikiwasha injini spika zinapiga mluzi. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Hata nikiweka sauti sifuri haupungui. Usiku nikiwasha taa unazidi. Nikizima injini na kuacha redio, mluzi unakata, inabaki "shiii" nyembamba tu. Fundi mmoja kasema alteneta imekufa, niandae laki mbili na nusu. Mwingine aliniuzia filta ya elfu ishirini, haikubadilisha kitu. Halafu FM nayo siku hizi inakwaruza, na spika ya mlango wa kushoto inakoroma besi ikipiga. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo laki mbili na nusu irudishe mfukoni kwanza. Umeeleza tatizo lako vizuri kuliko wateja wengi wanaonijia na gari lenyewe, na majibu mengi yamo humo humo kwenye maelezo yako. Nitayapitia ili uone ninavyofikiri. Ukishajua mlio unaingilia wapi, hakuna atakayekuuzia kitu usichokihitaji.

Tuanze na hiyo sifuri yako. Sauti inapandishwa na kushushwa ndani ya redio. Chochote kinachotangulia hapo, iwe FM, blututhi au flashi, kinashuka ukishusha sauti. Kama mluzi ungekuwa unatokea huko, ungeshuka pamoja na muziki. Wako haushuki, kwa hiyo unaingia baada ya hapo: kwenye waya za RCA zinazotoka redioni kwenda kwenye amplifaya, kwenye amplifaya yenyewe na umeme wake, au kwenye waya za spika. Hatujashika spana bado, na tayari nusu ya gari tumeiondoa kwenye kesi.

La pili, mluzi unafuata injini. Huo ni mlio wa alteneta, hapo fundi wa kwanza hakukosea. Alteneta inatengeneza umeme wa mawimbi (AC), kisha daiodi zake zinaugeuza uwe wa moja kwa moja (DC) kwa ajili ya betri. Lakini kazi hiyo haiishi ikawa laini kabisa, kunabaki vijimawimbi vidogo juu ya umeme. Chukua alteneta yenye jozi 6 za sumaku, inayozunguka mara 2.5 kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 800 kwa dakika, vijimawimbi vinatoka kama 1,200 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu linaishika haraka sana. Ukipiga resi hadi 2,000, vinafika 3,000 kwa sekunde. Ndiyo maana unasikia mluzi unapanda.

Sasa, vijimawimbi hivyo vipo kwenye kila gari lililo barabarani, hata lile lililotoka bandarini jana likiwa na alteneta safi. Kuusikia mluzi hakuthibitishi kwamba alteneta ni mbovu. Mwenye kupiga mluzi tunamjua. Tunachotafuta ni mlango alioingilia.

Kama bado una wasiwasi na alteneta, ipime kabla ya kuihukumu. Washa injini, washa taa kubwa na feni. Weka mita ya umeme kwenye voliti za DC, gusa vichwa vya betri. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, inachaji. Kisha hamishia mita kwenye AC, gusa hapo hapo. Mimi nikiona chini ya voliti 0.1 naiacha alteneta ipumzike. Ikifika 0.5 na zaidi, hapo naanza kuamini kwamba kuna daiodi imekufa, na mara nyingi gari lenyewe litakuwa limeshakuonyesha: taa zinacheza, betri inaishiwa usiku. Lakini angalia sana mita unayotumia. Zile ndogo za bei nafuu, ukiziweka kwenye AC na kugusa betri, nyingi zinadanganywa na umeme wa DC na kukuandikia 27 au 28. Geuza ncha, nyekundu iende hasi na nyeusi iende chanya. Ikisoma sifuri upande mmoja na 28 upande wa pili, hiyo mita haiwezi kazi hii, azima nyingine. Nimeshaona alteneta nzima ikifunguliwa kwa sababu ya namba hiyo ya uongo, na iliniuma, maana mwenye gari alikuwa ameshakopa hela.

Na taa? Ukiwasha taa, alteneta inasukuma umeme mwingi zaidi, na umeme huo wote unarudi kupitia bati la gari. Mluzi kuzidi wakati huo ndiyo alama inayonifanya nishuku athi yako, yaani pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bati la gari, kuliko kitu kingine chochote.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu kwa macho yangu ndipo ugonjwa wa magari mengi ulipo. Tumezoea kusema "bodi ni negativu" kana kwamba ukigusa chuma popote umefika betri. Sivyo. Bati la gari ni njia ya umeme kama njia nyingine, na njia ina ukinzani wake, kidogo lakini upo. Fikiria madumu mawili ya maji, moja umeliweka juu ya jiwe na jingine chini, ukayaunganisha kwa mpira mwembamba. Maji yatapita kwenye mpira, utake usitake, kwa sababu usawa haulingani. Dumu la juu ni athi ya amplifaya yako chini ya siti. Dumu la chini ni athi ya redio kwenye dashibodi. Mpira ni ile ngozi ya nje ya waya wa RCA, nyuzi za chuma zilizo chini ya plastiki, kwa sababu inashika hasi ya redio upande mmoja na hasi ya amplifaya upande wa pili. Athi hizi mbili zikitofautiana hata kwa milivoliti chache, umeme unakatiza kwenye waya wa muziki, ukiwa umebeba vijimawimbi vya alteneta. Amplifaya haina namna ya kujua kwamba huo si muziki. Inaukuza pamoja na vingine.

Nikuelezee Probox moja niliyoishughulikia, ya mfanyabiashara wa samaki anayechukua mzigo Mwaloni, Kirumba. Mluzi wake ulikuwa kama wa kwako, ila ulianza wenyewe tu, mfumo ukiwa na mwaka mzima bila tatizo. Alikuwa ameshabadilisha waya za RCA mara mbili. Nilipoinua kapeti nyuma, chini kulikuwa na unyevu. Kila siku anapakia sangara kwenye barafu, barafu inayeyuka, maji yanateremka kwenye mfereji wa bati na kutuama palepale kwenye bolti ya athi. Nikaifungua kwa spana namba 10. Kichwa cha waya kilikuwa kimeota kijani kama kutu ya sufuria ya shaba, na chini yake, badala ya chuma kinachong'aa, kulikuwa na duara la kutu ya kahawia unaloweza kulikwangua kwa kucha. Nyuzi za shaba ndani ya plastiki zilikuwa nyeusi kwa urefu wa kidole kizima. Nilikata ule weusi wote, nikahamisha athi kwenda mahali pakavu palipoinuka, na mluzi ukaisha mchana ule ule. Hakununua hata kifaa kimoja, isipokuwa kichwa kipya cha waya.

Yako ni mpya, miezi miwili tu, sidhani kama imeoza. Lakini umesema amplifaya iko chini ya siti ya abiria wa mbele, nami naweka dau kwamba athi imebanwa kwenye bolti ya reli ya siti. Wengi wanafanya hivyo kwa sababu bolti iko karibu na inaonekana nene. Shida yake, reli imepakwa rangi, bati limepakwa rangi, na kati yao kuna gundi ya kiwandani. Umeme unapita kwa kubahatisha kwenye meno ya bolti peke yake. Kuna wanaobana kwenye bolti ya mkanda wa usalama pia. Ukiikuta huko iondoe leo leo. Bolti ile ina kazi ya kushika uhai wa mtu, haifai kuwekewa washa na vichwa vya waya.

Ipime kwanza ili uwe na ushahidi. Chukua waya mrefu mwembamba, ufunge kwenye hasi ya betri, uupitishe dirishani hadi ndani. Mita iwe kwenye milivoliti za DC, ncha moja kwenye waya huo, nyingine kwenye skrubu ya amplifaya iliyoandikwa GND. Injini ikiwaka, taa zikiwaka, muziki ukipiga kiasi cha kawaida. Mimi napenda kuona chini ya milivoliti 50. Ukiona zaidi ya 100, athi yako ni mbaya na huna haja ya kubishana na mtu.

Kuirekebisha ni kazi ya nusu saa. Ondoa hasi ya betri kabla ya yote. Tafuta bati la sakafu lenyewe, nene, mbali na maji, lisiwe kipande kilichofungwa kwa skrubu juu ya kipande kingine. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uangalie unatokea wapi, maana huko kuna bomba la mafuta na bomba la breki. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, duara lenye upana wa sarafu ya shilingi mia mbili. Tumia bolti na nati, na washa yenye meno ili ing'ate chuma. Kichwa cha waya kibanwe kwa koleo lake, kisikunjwe kwa meno. Ukishakaza, paka grisi au rangi juu ya yote, baada ya kukaza, siyo kabla. Waya wa athi uwe na unene ule ule wa waya wa chanya, na usizidi nusu mita. Ukishamaliza hapo, nenda mbele kwenye injini ukafanye usafi huo huo kwenye waya unaotoka hasi ya betri kwenda bodi, na ule unaotoka injini kwenda bodi. Hizo nyaya zina umri wa gari, na Probox zetu nyingi zilifika hapa zikiwa zimeshatumika miaka kumi na zaidi.

Athi ya redio nayo isisahaulike. Waya mweusi wa redio za skrini kubwa mara nyingi unaungwa kwenye waya mwembamba wa kiwandani nyuma ya dashibodi, uliokuwa unatosha redio ndogo ya zamani. Utoe hapo, uufunge kwenye chuma cha dashibodi kilichokwanguliwa vizuri.

Ikitokea umefanya hayo na mluzi bado upo, sasa tunaukata mfumo vipande vipande. Zima redio na utoe ufunguo kabla hujachomoa RCA yoyote. Nasisitiza hili kwa sababu kuna redio ambazo ukichomoa au kuchomeka RCA zikiwa zinawaka, njia nyembamba ya hasi ndani yake inaungua, pengine kifyuzi kidogo kama punje ya mchele, na kuanzia hapo redio inapiga mluzi maisha yake yote hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Chomoa RCA zote upande wa amplifaya, kisha washa injini. Spika zikikaa kimya, amplifaya na umeme wake ni wazima, mluzi unakuja kupitia RCA au redio. Spika zikiendelea kupiga mluzi bila RCA, rudi kwenye umeme wa amplifaya au waya za spika.

Tuseme zimekaa kimya, na kwa dalili zako naamini zitakaa kimya. Azima ule waya mdogo wenye tundu la hedifoni upande mmoja na RCA mbili upande wa pili. Chomeka simu moja kwa moja kwenye amplifaya, simu ikiwa haichaji. Waya wa rimoti, ule mdogo unaoiambia amplifaya iwake, bado unahitaji redio iwe imewashwa, hilo halina neno. Piga muziki kwenye simu, piga resi. Ukisikia muziki msafi, amplifaya imeshinda kesi. Halafu rudisha redio, lakini badala ya RCA zako zilizozikwa chini ya kapeti, tumia nyingine uzilaze juu juu ya siti, mbali na kila waya. Mluzi ukipotea, kosa lilikuwa kwenye njia ya waya. Mluzi ukibaki, shika kipande cha waya, gusa pete ya chuma ya nje ya RCA pale nyuma ya redio, na ncha nyingine gusa bodi ya redio. Mluzi ukikatika ghafla, ile njia ya hasi niliyoitaja imeungua. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anaweza kuirudisha. Wengine wanaacha kile kipande cha waya kikae hapo daima. Kinafanya kazi, ila mimi napenda kuitibu redio yenyewe.

Kuhusu njia ya waya: ule mnene wa chanya unaotoka betri upite upande mmoja wa gari, RCA zipite upande mwingine. Amplifaya ikiwa kushoto, pitisha chanya kushoto na ulete RCA katikati au kulia. Zikilazimika kukutana, zipishane kama njia panda, zisilale pamoja. Na zisilale juu ya mafungu ya waya za kiwandani chini ya mlango wa dereva, humo mna waya za pampu ya mafuta na nyingine zinazopiga kelele.

Kuna jambo moja uliangalie kwa macho yako, hata kama halihusiani na mluzi. Waya wa chanya lazima uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi kama sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya haikulindi. Waya ukichunika pale unapopenya ukuta wa injini, ukagusa bati, umeme wote wa betri unapita hapo na gari linawaka. Wewe unabeba watu. Kama haipo, usipakie abiria tena kabla haijawekwa. Kwangua pia waya huo kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo unene unaouona kwa nje usikudanganye. Uongeze unene au utafute shaba tupu.

Ile "shiii" nyembamba injini ikiwa imezimwa ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni geini ya amplifaya imefunguliwa mno. Kitufe kile watu wanakichukulia kama cha sauti, wanakizungusha hadi mwisho. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na nguvu ya redio. Amplifaya nyingi zinapokea kuanzia voliti 0.2 hadi 4 au 6, redio ya kawaida inatoa kama 2. Ukiweka geini mwisho, umeiambia amplifaya kwamba hata voliti 0.2 ni muziki mkubwa wa mwisho, na kila uchafu unaopita unapanda nao. Rudisha geini chini kabisa. Weka redio robo tatu ya sauti yake, wimbo unaoujua vizuri, kisha fungua geini taratibu mpaka sauti ikutoshe, na urudi nyuma kidogo ukisikia inaanza kupasuka. Utashangaa mluzi wenyewe ulivyopungua kwa kitendo hicho peke yake. Lakini usiishie hapo ukadhani umepona, athi bado ina deni.

Filta uliyouziwa, angalia ubavuni imeandikwa ampia ngapi. Nyingi ni za 10, zimetengenezwa kwa ajili ya redio ndogo. Amplifaya yako inaweza kuvuta 30 au zaidi besi ikipiga. Ukiiacha kwenye waya wa chanya itapata moto na kuibana amplifaya. Itoe. Kuna aina nyingine, kile kiboksi kidogo kinachowekwa kwenye RCA chenye transifoma mbili ndani. Hicho kweli kinakata mzunguko wa athi, nakitumia pale mteja anapochomeka simu kwenye AUX huku ikichaji kwenye soketi ya sigara. Lakini vya bei rahisi vinakula besi. Kwenye mfumo kama wako kingekuwa plasta juu ya mwiba ambao haujatolewa.

Na kwa kuwa nimetaja chaji: jaribu safari moja bila chaja yoyote kwenye soketi. Chaja nyingi za mitaani hazina kizuizi cha kelele ndani, na zinachafua FM kuliko unavyodhani.

Tufike kwenye FM. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana redio za 76 hadi 90, au hadi 95 kwa za karibuni, wakati sisi stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Kwa hiyo likifika huku, mtu alichomeka kile kiboksi cha kushusha masafa, ekspanda, kati ya antena na redio. Wewe umefunga redio mpya inayofika 108 yenyewe. Je, aliyekufungia alikitoa kile kiboksi? Ukiona namba kwenye skrini haifanani na ile mtangazaji anayoitaja, ujue bado kipo nyuma ya dashibodi. Kitoe, antena iingie redioni moja kwa moja. Kama kilishatolewa, chomoa antena huku injini ikiwaka. Mkwaruzo ukiisha, unaingia kupitia antena: kagua kitako chake juu ya bodi kama kina kutu, na kama ulishabadilisha plagi za injini, angalia namba zake. Kwenye plagi nyingi herufi R katikati ya namba, kama BPR6ES, inaonyesha ina kizuizi ndani. Zisizo na kizuizi zinarusha kelele "ta-ta-ta" inayofuata resi. Na kama tatizo lako linatokea ukishapita Kisesa tu, halafu likaisha ukirudi mjini, hapo huenda ni umbali wa mnara na vilima vya mawe, gari halina kosa.

Spika ya mlango wa kushoto nayo ina historia yake ambayo naweza kuibashiri. Abiria wanabamiza mlango huo siku nzima, na fundi alipofungua kufunga spika alichana ile nailoni iliyo nyuma ya ngozi ya mlango. Nailoni ile haikuwekwa kwa urembo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye mpira wa kioo na kuteremka ndani ya mlango, nailoni ndiyo inayoyaelekeza kwenye matundu ya chini. Isipokuwepo, yanadondokea mgongoni mwa spika. Itoe spika, ishike mkononi, sukuma koni kwa vidole viwili pande zote kwa usawa. Ikikwaruza kama mchanga kwenye karatasi, koili inagusa sumaku, spika hiyo imekwisha. Ikienda laini, pima ukinzani: spika ya omu 4 itasoma kama 3.2 hadi 3.8. Kama ni nzima, rudi kwenye mpira ulio kati ya mlango na nguzo, mahali waya unapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Mara nyingi waya umechunika humo ndani na unagusa bati kwa kuibia. Hasi ya spika haitakiwi kugusa bodi hata mara moja, inaweza kuua amplifaya. Weka nailoni mpya kwa gundi kabla hujarudisha ngozi.

Fanya athi kwanza, halafu geini, siku moja ambayo huna abiria. Ukishapima pale kwenye skrubu ya GND niandikie namba mbili: uliyoisoma kabla ya kuhamisha bolti, na uliyoisoma baada. Kama ya pili iko chini ya 50 na mluzi haujaondoka, niambie pia ulisikia nini ulipozilaza RCA juu ya siti, tutaendelea kutokea hapo.